Fundi anataka kutoa masega ya Hilux yangu, nimkubalie?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Makambako, nimelifupisha kidogo. Ana Hilux dabo kebini ya 2017, dizeli 2.4, imetoka Uingereza, anasambazia chakula cha kuku kutoka dukani kwake kwenda kwenye mabanda ya wateja, safari za kilomita nne, tano, anazima, anashusha mifuko, anawasha tena. Ina miezi miwili taa ya injini inawaka, mlimani imekuwa nzito, mafuta inakunywa, na ikisimama saa nyingine inanuka kama kitu kinaungua. Fundi wa mtaani kaipima kwa kompyuta, kasoma kodi, yaani namba za makosa, siku moja kaona P2463 (chujio la moshi limejaa masizi), siku nyingine P0401, akamwambia masega, yaani hilo chujio la kwenye ekzosi, yameziba tuyatoe, na EGR, vavu inayorudisha moshi kidogo kwenye injini, tuizibe kwa bati. Anauliza akubali au asikubali, na kama asikubali yeye na mdogo wake wana spana na Jumapili nzima, waanzie wapi? Na je wakati anasubiri aendelee kuiendesha?

Dada, usimkubalie kwanza. Simsemi vibaya fundi wako, amesoma kodi na kodi zimemwambia kweli, ila hizo kodi mbili ukiziweka pamoja zinasema kitu ambacho yeye kakiruka, na hilo bati analotaka kuweka kwenye EGR litakuletea P0401 ya kudumu, yaani kosa lile lile ambalo sa hivi linakusumbua. Nikueleze taratibu.

Neno masega ndo linatuchanganya mafundi wengi hapa kwetu. Kwenye gari ya petroli masega yana vitundu vilivyo wazi mwanzo mpaka mwisho, moshi unapita moja kwa moja, ukiyatoa gari inapumua na watu wanasema imekuwa nyepesi. Gari yako inayo ya namna hiyo, yako mbele kidogo, halafu nyuma yake ndo kuna hii DPF yenyewe, chujio la masizi ya dizeli. DPF ukiitazama ni masega pia, lakini kila kitundu kimezibwa upande mmoja, hiki kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma, kwa hiyo moshi ukiingia hauna pa kutokea isipokuwa upenye kwenye ukuta wa udongo wa kauri, gesi inapita, masizi yanabaki. Ni chujio la chai, basi. Na chujio lolote lazima lijae.

Sasa likijaa inakuwaje? Hapa fikiria jiko la kuni. Chini ya sufuria kuna masizi, kwenye jiko kuna majivu. Masizi yakipata moto mkali yanaungua yanaisha, majivu hata uyachome mpaka kesho yanabaki majivu. DPF nayo ina vyote viwili. Masizi yanatoka kwenye dizeli isiyoungua vizuri, na gari imetengenezwa iyachome yenyewe kila baada ya kilomita mia kadhaa, inaongeza dizeli kidogo kwenye ekzosi (injini hizi za GD, kama yako, zenye DPF zina nozeli ya tano kwa kazi hiyo tu) joto linapanda kama nyuzi 600 hivi na masizi yanaisha. Majivu yanatoka kwenye oili ya injini, kwenye zile dawa walizochanganya kwenye oili, na yanakaa humo mpaka mtu ayatoe kwa mkono. Gari ya 2017 iliyotembea kawaida tatizo lake mara nyingi ni masizi, sio majivu, na kuyaondoa masizi si lazima ufungue kitu.

Tatizo lako ni kwamba gari haipati nafasi ya kujichoma. Ili ianze inataka injini iwe imepata moto sawasawa na iende kwa muda, na wewe unaendesha kilomita nne, Makambako, asubuhi ya mwezi wa saba ambapo hata mtu mwenyewe anatoka na koti, injini haijafika hata joto la kazi umeshazima. Inaanza kujichoma unazima, inaanza tena unazima. Ile harufu unayosikia ukisimama ndo hiyo, umeikatiza katikati. Ukiwa makini utaona pia siku hizo injini inaunguruma juu kidogo kuliko kawaida ukiwa umesimama, na feni inazunguka hata baada ya kuzima. Siku ukiziona dalili hizo usizime, zunguka nayo kwanza hata dakika kumi na tano.

Halafu kuna hiyo P0401. Maana yake kompyuta inaona moshi unaorudishwa ndani ya injini kupitia EGR ni mchache kuliko ulioagizwa. Magari mengi ya namna hii kompyuta ikishaona kosa kwenye EGR haikubali kuanza kujichoma, kwa sababu haiamini hesabu zake tena, inaogopa kupandisha joto la ekzosi kwenye injini ambayo ina hitilafu. Umeona mnyororo ulivyo? EGR imegoma, kujichoma kumesimama, masizi yamejaa, P2463. Fundi wako anataka kumfunga aliyeibiwa na mwizi anamwachia kiti. Ndo maana nasema anzeni na EGR, na DPF muiguse mwisho kabisa ikiwezekana msiiguse.

Kabla ya Jumapili kuna vitu viwili vya dakika tano fanya hata leo. Cha kwanza chukua tishu nyeupe, gari ikiwa imepoa, ingiza kidole na tishu kwenye bomba la moshi kule nyuma uzungushe. Gari yenye DPF nzima bomba lake la nyuma ni safi, tishu inatoka na vumbi la kijivu au haina kitu. Ikitoka nyeusi tii kama umepangusa chini ya sufuria, basi DPF imepasuka au hapo zamani kuna mtu alishaichimba ndani akarudisha kopo tupu, hilo lipo sana kwenye gari zilizotumika, na kule Uingereza tangu Februari 2014 gari iliyotolewa DPF inafelishwa ukaguzi wa mwaka, kwa hiyo waliozichimba wanahakikisha kopo kwa nje linaonekana zima. Kama ndo hivyo niandikie tena, habari yako itakuwa nyingine kabisa.

Cha pili vuta dipstiki ya oili. Angalia imefika wapi halafu inuse. Oili ikizidi alama ya juu wakati hukuiongeza, na ikanuka dizeli, maana yake dizeli imeshuka kwenye oili, na oili nyepesi namna hiyo hailindi beringi za tabo (ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini) wala za injini. Hapo unamwaga oili kabla ya kitu kingine chochote, usiseme nitamalizia wiki.

Na tukiwa kwenye oili, nitakaa hapa kidogo maana ndo mahali watu wanaua DPF bila kujua. Oili ya dizeli ambayo maduka yetu mengi wanakupa ukisema "nipe ya dizeli" ni 15W-40 ya malori, nzuri sana kwa Fuso na kwa Hilux za zamani, ila ina majivu mengi. Gari yenye DPF inataka oili ya majivu machache, geuza dumu usome mgongoni utafute maandishi ACEA C2 au C3, hizo majivu yake hayazidi asilimia 0.8, na unene uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi 0W-30 au 5W-30. Muuzaji akikwambia zote ni moja mwambie asante ondoka. Ni bei zaidi, najua, lakini linganisha na bei ya DPF mpya utanyamaza.

Haya, Jumapili. Vaeni glovu na barakoa, sio mapambo, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani mwaka 2012, na masizi mtakayokwangua ndo huo moshi uliokauka. Gari ilale imepoa usiku kucha.

Anzeni juu, msianze chini ya gari. Fungueni kasha la ea klina. Barabara zenu za vumbi jekundu nazijua, filta ikiwa imejaa injini inakosa hewa na dizeli bila hewa ni masizi. Msiipige kompresa kutokea nje kwenda ndani, na kama imeshakuwa rangi ya matofali nunueni mpya. Baada ya filta kuna sensa ndogo ya hewa, imefungwa kwa skrubu mbili kwenye bomba, ndani ina waya mwembamba kama unywele. Hiyo sensa ndo kompyuta inaitumia kukadiria EGR imepitisha kiasi gani, ikiwa chafu inaweza kutoa P0401 na EGR ni nzima kabisa! Ing'oeni, ipulizieni dawa ya kopo iliyoandikwa kwamba ni ya sensa ya hewa, sio kabu klina, sio petroli, na msiiguse kwa kitambaa wala kidole wala pamba ya masikioni. Iacheni ikauke robo saa. Kazi ya dakika kumi hiyo, na nimeona magari mawili matatu yamepona hapo hapo.

Kisha fuateni mabomba ya hewa kutoka tabo kwenda intakula (kipoza hewa) na kutoka intakula kwenda injini. Pitisheni mkono chini ya kila mpira, upande usioonekana, maana huwa vinapasuka upande ule. Mpira wa tabo unaovuja unajionyesha, pembeni ya ufa panakuwa na oili iliyokamata vumbi, doa jeusi lenye miale kama jua alilochora mtoto. Ukiona doa hilo umepata anayekutengenezea masizi, hewa inayotoka hapo kompyuta imeshaihesabu na dizeli yake imeshaimwaga.

Sasa EGR. Ni vavu ya umeme imekaa kati ya ekzosi na manifodi ya kuingizia hewa, ina soketi ya waya na bolti chache. Chomoeni tominali ya betri kwanza, pigeni picha kwa simu kila hatua, hii ya picha itawaokoa wakati wa kurudisha. Kama mtakuta hosi za maji zimeungwa hapo, zipo kwa sababu moshi huo unapozwa kwa maji ya rejeta kabla ya kurudi, basi mwage maji kidogo kwanza kwenye beseni safi mtayarudisha. Gari ya Uingereza jiandaeni kwa kutu, kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na chumvi inakula kila bolti ya chini, kwa hiyo Jumamosi jioni pulizieni dawa ya kulegeza kutu kwenye bolti zote mnazotarajia kufungua na asubuhi rudieni. Bolti ikikataa msiivunje kwa bomba refu, rudisheni mbele kidogo, nyuma kidogo, ilegee yenyewe.

Ikitoka ndani mtakuta uji mweusi mzito, ni masizi ya EGR yamekutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye injini, umegandana kama ugali uliokaa chini ya sufuria siku mbili. Hapo kabu klina ruksa, na mswaki wa zamani, na kijiti cha mti, sio bisibisi maana mtakwaruza kiti cha vavu na haitafunga tena. Vavu iinamisheni mdomo uangalie chini ili dawa isiingie kwenye mota ya umeme, na msiiloweke mzima mzima kwenye ndoo ya petroli kama wanavyofanya baadhi ya vijana, mota inakufa. Mkiisukuma kwa kidole ifunguke irudi yenyewe bila kukwama, hiyo imepona. Mdomo wa manifodi nao mkwangue ule unaofikika, mkizuia vipande visidondoke ndani kwa kitambaa, na mkimaliza hesabuni vitambaa. Gasketi wekeni mpya. Gasketi ya zamani ikivuja hapo mtasikia mluzi na mtaona masizi yanachora mstari kwenye chuma.

Kabla ya kurudisha kaangalieni kitu kimoja ambacho hakuna anayekiangalia. Kutoka kwenye kopo la DPF kuna vibomba viwili vyembamba vinapanda juu mpaka kwenye sensa ndogo ya presha, mwishoni ni mpira. Kimoja kinapima presha kabla ya chujio, kingine baada, tofauti yao ndo kompyuta inaita kujaa. Sasa mpira mmoja ukipasuka au ukiziba kompyuta inaona tofauti ya uongo. Mwaka juzi niliitwa Mafinga kwenye pikapu ya mzee mmoja ambaye alishaambiwa anunue DPF mpya, ilikuwa inalala pembeni ya ghala la mahindi, na panya alikuwa ameutafuna ule mpira katikati, meno yanaonekana, tukakata kipande cha mpira wa dizeli tukaweka na klipu mbili, kazi imeisha, mzee akawa ananiangalia kama nimemtania. Wewe unauza chakula cha kuku. Angalia huo mpira.

Kama una simu ya Android nunua kile kidude cha ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani, sio ghali, programu za kusoma kodi zipo za bure. Kwa gari hizi haitakuonyesha kila kitu ila kodi itazisoma na kuzifuta, na programu nyingine zinaonyesha hiyo presha. Swichi ikiwa imewashwa injini haijawaka, tofauti ya presha lazima isome sifuri, isiposoma sifuri sensa au mipira ndo mgonjwa. Injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta mimi napenda ikae chini ya kilopaskali moja, ukiipandisha mpaka rpm 3000 (mizunguko ya injini kwa dakika) ikafika kumi na zaidi hapo kweli imejaa.

Mkishafunga kila kitu futeni kodi, jazeni mafuta angalau nusu tanki, na sasa ndo dawa yenyewe, ambayo haina spana. Pakia mifuko kadhaa kwenye kebini ya nyuma, ingia barabara kuu, nenda Mafinga. Usiende gia ya tano unateleza, shika gia ya nne, sindano ikae juu ya 2000 muda wote, usisimamesimame, nusu saa mpaka dakika arobaini, uendeshe kwa usalama lakini mtie kazi. Waliokuwa wanapanda Kitonga na mzigo kila wiki hawanaga shida hii ya DPF, ule mlima peke yake unaichoma. Baada ya safari ya kwanza inaweza kubaki nzito kidogo, rudia siku ya pili. Kama taa haijarudi na uzito umepungua, hujafungua DPF na umepona.

Angalia pia kwenye dashibodi karibu na usukani kama kuna kitufe chenye alama ya kopo lenye vitone ndani. Hilux nyingine zinacho, zingine hazina, na kuna historia hapo. Huko Australia mahakama ya shirikisho mwaka 2022 ilikuta kwamba Hilux, Prado na Fortuner za injini hizi za GD zilizouzwa kuanzia Oktoba 2015 mpaka Aprili 2020 mfumo wake wa DPF ulikuwa na kasoro, ulikuwa haujichomi vizuri hata kwenye mwendo mrefu, unatoa moshi mweupe na taa zinawaka, na Toyota mwaka 2018 ilianza kuweka kitufe cha kujichoma kwa amri ya dereva. Kwa hiyo usijilaumu sana, sio safari fupi tu. Gari yako ya Uingereza sio ya Australia lakini injini ni ndugu. Ukikuta kitufe, soma kitabu, paki sehemu ya udongo mtupu au zege, SIO kwenye nyasi kavu, sio karibu na ghala, maana ekzosi inakuwa ya moto wa kuchoma nyumba, kisha bonyeza uiache imalize. Usipokuwa nacho, gereji yenye programu ya Toyota ya Techstream inaweza kuianzisha kwa kompyuta, na hiyo ndo pesa ambayo ningekushauri uitoe kabla ya kutoa pesa ya kukata ekzosi. Waambie wakuonyeshe namba ya masizi kabla na baada.

Ikishindikana yote hayo ndo unaishusha. Hapa mtanisamehe nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nimeshaiharibu moja mwenyewe. Ya kwanza kuosha maishani mwangu niliipeleka kuosha magari, nikawaambia wapige ile mashine ya presha, yakatoka maji meusi nikafurahi, nikaendelea mpaka yakawa meupe, kuiangalia kwa tochi kauri ilikuwa imechimbika tundu la ukubwa wa kisoda. Nililipa mimi. Kwa hiyo ni mpira wa maji wa kawaida wa bustani, maji yaingie kutokea upande wa NYUMA, kule moshi unakotokea, ili uchafu urudi ulikoingilia, baada ya kulowesha na dawa maalum ya DPF kwa muda ulioandikwa kwenye dumu. Usiigonge chini, usiichome kwa gesi ya kuchomelea. Sensa za joto zilizofungwa kwenye kopo kama zimeshika kutu ziache humo humo chomoa waya tu, zikivunjika ni gharama nyingine. Maji machafu yamwagwe kwenye shimo, sio kwenye mfereji wa bustani ya mboga.

Na wewe una bahati ambayo gereji nyingi hazina, una mizani dukani. Ipime kopo likiwa kavu kabla ya kuosha, uandike, halafu ukishaosha na ikakauka kabisa, siku mbili juani au kwa hewa ya kompresa ya taratibu, ipime tena. Ikipungua umetoa kitu. Uzito ukibaki vile vile umeosha kopo tu. Ukiirudisha kompyuta lazima iambiwe kwamba imesafishwa, kwa mashine, vinginevyo itaendelea kuhesabu kutoka pale ilipoishia.

Sasa kuhusu kuyatoa kabisa. Fundi akikata akaacha tupu bila kubadilisha programu ya kompyuta, gari haitajua, itaendelea kumwaga dizeli kwenye ekzosi ili kuchoma kitu ambacho hakipo, utakuwa na moshi mweupe wa kunuka na taa nyingine mpya, P2002. Wakibadilisha na programu gari itaenda kweli, sitakudanganya, wapo wengi wanatembea hivyo. Ila masizi yote yanamwagikia uso wa yule anayekuja na pikipiki nyuma yako, na kama EGR au nozeli ndo mgonjwa umenyamazisha kengele tu moto unaendelea. Na jambo moja la pembeni, uliza masega yako yakitolewa yanabaki kwa nani. Humo ndani kuna platinamu na paladiamu, kuna watu wanapita magereji wananunua masega kwa kilo, fundi anayekufanyia kwa bei ya upendo mwambie "sawa, ila masega naondoka nayo", uone bei inavyopanda.

Mafuta nayo niseme haraka. Afrika Mashariki dizeli yetu ilishushwa mpaka salfa ppm 50 tangu 2015, gari yako ilitengenezwa kwa ppm 10, kwa hiyo tayari tunaipa chakula kizito kidogo, inavumilia. Isichovumilia ni yale madumu ya barabarani pale kwenye malori, yenye mafuta ya taa ndani, yanakausha pampu na nozeli, na nozeli inayokojoa badala ya kupulizia ni kiwanda cha masizi. Jaza kituo kimoja unachokiamini. Na kwa sababu upo kwenye kilimo niwahi kabla mtu hajakudanganya, zile pikapu nyingine mpya zenye tanki la AdBlue (maji ya kusafishia moshi), wapo wanaochanganya urea ya mahindi na maji ya bomba. AdBlue ni urea safi asilimia 32.5 na maji yaliyoondolewa madini, ile ya mahindi inaziba nozeli yake. Nimeulizwa hilo mara tatu mwaka huu.

Mwisho uliuliza kama uendelee kuiendesha. Ikiwa inawaka taa ya rangi ya chungwa tu na gari inavuta, endesha, tena endesha mbali, ila dipstiki uiangalie kila asubuhi. Ikianza kugoma kuvuka rpm 2500 hivi kompyuta imeshaibana makusudi, hapo usiilazimishe kwa mizigo, beba mifuko kwa bajaji wiki hiyo, fanya ya Jumapili kwanza. Maji ya rejeta yakipungua bila kuona yanapovujia, na asubuhi inatoa moshi mweupe wenye utamu utamu kwenye pua, zima kabisa, hicho ni kipoza moshi cha EGR kimetoboka na maji yanaingia injini, usiwashe hata mara moja kujaribu. Ukipima ile presha nitumie namba tatu, swichi tu, ikinguruma, na kwenye 3000, na picha ya ile tishu.